Abraham Colles: Daktari aliyetambua mfupa uliovunjika bila kuuona

MTU anapoteleza na kuanguka, jambo la kwanza analofanya bila hata kufikiri ni kunyoosha mkono ili ajikinge. Uzito wote wa mwili hutua juu ya kiganja, na kifundo cha mkono ndicho kinachoumia. Ajali ya aina hii ni kongwe kama binadamu mwenyewe. Hata hivyo, kwa karne nyingi madaktari hawakujua hasa ni kitu gani kilichoharibika ndani ya kifundo hicho. Wengi walishikilia kwamba mifupa imetenguka, ilhali wengine waliamini ni kano tu zilizoshtuka.

Aliyeondoa utata huo ni Abraham Colles, daktari wa upasuaji kutoka Ireland. Mnamo 1814, miaka 81 kabla ya eksirei kuvumbuliwa, aliwaeleza wenzake kwamba jeraha waliloliita mtenguko lilikuwa mfupa uliovunjika. Hakuwa na picha wala kifaa chochote cha kumwezesha kuona ndani ya ngozi. Alitumia mikono yake miwili na akili iliyozoea kutilia shaka mambo yaliyokubaliwa na wengi.

Hadi leo, mvunjiko huo huitwa kwa jina lake, na huwa vigumu kwa mwanafunzi wa udaktari popote duniani, Kenya ikiwemo, kuhitimu bila kulijua.

Colles alizaliwa Julai 23, 1773 huko Millmount, karibu na mji wa Kilkenny. Familia yake ilimiliki machimbo ya marumaru nyeusi ambayo iliupa mji huo sifa. Baba yake, William, aliaga dunia Abraham akiwa mtoto wa miaka sita pekee. Mzigo wa kuendesha machimbo na kulea watoto ukamwangukia mama. Mjane huyo hakukata tamaa. Aliisimamia biashara hiyo kwa ustadi na kuhakikisha wanawe wamepata elimu bora.

Kuna kisa ambacho husimuliwa kuhusu jinsi kijana huyo alivyoingia katika njia ya utabibu. Akiwa mwanafunzi wa Kilkenny College, mafuriko yaliibomoa nyumba ya daktari mmoja wa mji huo na kusomba mali yake. Abraham aliokota shambani kitabu cha elimu ya viungo vya mwili, akakirejesha kwa mwenyewe. Daktari huyo alipobaini jinsi kijana alivyovutiwa na yaliyomo, alimwachia kitabu hicho kiwe chake.

Mnamo 1790, Colles alijiunga na Trinity College jijini Dublin. Wakati huo huo aliwekwa chini ya Philip Woodroffe, daktari wa upasuaji katika hospitali ya Dr Steevens', ili ajifunze kazi kwa vitendo. Huo ndio uliokuwa utaratibu wa enzi hizo: kijana alimfuata bwana wake wodini kwa miaka kadhaa, akimtazama na kumsaidia, hadi naye akaaminiwa kushika kisu.

Alipata cheti cha Chuo cha Kifalme cha Madaktari wa Upasuaji cha Ireland mnamo 1795. Kiu yake ya elimu haikuishia hapo. Alivuka bahari hadi Edinburgh, Uskoti, mji uliokuwa na sifa kubwa katika mafunzo ya tiba, na kutunukiwa shahada ya udaktari mnamo 1797. Inasimuliwa kwamba kutoka Edinburgh alikwenda London kwa miguu, safari iliyomchukua siku nane.

Huko London alifanya kazi na Astley Cooper, mmoja wa madaktari mashuhuri zaidi wa Uingereza, akimsaidia kupasua maiti kwa ajili ya utafiti wa ngiri. Kazi hiyo ilimpa Colles msingi ambao angeutegemea maisha yake yote. Alifahamu kila mfupa, msuli na mshipa ulipo, kiasi kwamba vidole vyake vingeweza kuvitambua hata vikiwa vimefunikwa na ngozi iliyovimba.

Alirejea Dublin mwaka huo huo wa 1797. Miaka miwili baadaye Woodroffe alifariki, na Colles akachaguliwa kuwa daktari wa upasuaji mkazi wa hospitali ya Dr Steevens'. Kwa jumla, angeitumikia hospitali hiyo kwa zaidi ya miaka 40, hadi 1841.

Nyota yake iling'aa mapema mno. Mnamo 1802, akiwa na umri wa miaka 28, wenzake walimteua kuwa rais wa Chuo cha Kifalme cha Madaktari wa Upasuaji, wadhifa ambao angeushikilia tena mnamo 1830. Mnamo 1804 aliteuliwa kuwa profesa wa elimu ya viungo vya mwili na upasuaji chuoni humo, na akafundisha kwa miaka 32. Mnamo 1807 alimwoa Sophia Cope, binti wa kasisi. Mmoja wa wana wao, William, alifuata nyayo za baba yake na kuja kuwa rais wa chuo hicho hicho.

Ili kuelewa uzito wa mchango wake, ni muhimu kukumbuka hali ya upasuaji katika zama hizo. Nusukaputi haikuanza kutumiwa katika upasuaji wa hadharani hadi 1846, na mbinu za kuua viini vya maradhi zilitangazwa na Joseph Lister mnamo 1867. Mgonjwa alipasuliwa akiwa macho, akishikiliwa na wanaume wenye nguvu, na aliyenusurika kisu angeweza kuuawa na usaha. Katika mazingira hayo Colles alithubutu, mnamo 1811, kuifunga ateri kubwa ipitayo chini ya mtulinga, na kuwa miongoni mwa madaktari wa kwanza kujaribu upasuaji huo.

Mwaka huo huo alichapisha kitabu kuhusu elimu ya viungo kwa manufaa ya upasuaji. Alisisitiza kwamba daktari hapaswi kukariri majina ya misuli na mishipa kimoja kimoja. Anapaswa kuvijua kwa jinsi vinavyopangana, tabaka juu ya tabaka, kama kisu kitakavyovikuta.

Hata hivyo, kilichomjengea Colles jina la kudumu ni makala ya kurasa chache tu. Aliyaandika mnamo Februari 1814 akiwa St Stephen's Green, Dublin, na yakatolewa katika jarida la madaktari la Edinburgh. Yalihusu kuvunjika kwa ncha ya mfupa wa kigasha ulio upande wa kidole gumba, mahali unapokutana na kifundo cha mkono.

Colles alieleza kwamba mvunjiko huo hutokea takriban inchi moja na nusu juu ya kiungo. Mkono hupinda kwa namna ya pekee: upande wa nyuma wa kigasha hubonyea, na chini yake mgongo wa mkono huvimba na kuinuka. Mfupa wa pili wa kigasha, ulio upande wa kidole cha mwisho, nao hujitokeza kuelekea kwenye kiganja. Yeyote aliyeutazama mkono wa aina hiyo angeapa kwamba kiungo kimetoka mahali pake, na hivyo ndivyo madaktari wengi walivyoapa.

Je, Colles alijuaje kwamba walikosea? Jibu liko katika jaribio ambalo lingeweza kufanywa na daktari yeyote, mahali popote, bila kugharimu hata senti moja.

Aliushika mkono wa mgonjwa kana kwamba anamwamkia, kisha akauvuta kwa nguvu ya wastani. Papo hapo kifundo kilinyooka na kurejelea umbo lake la kawaida. Alipoacha kuvuta, upindo ulirudi mara moja. Kama tatizo lingekuwa kiungo kilichotenguka, mfupa uliorudishwa mahali pake ungetulia. Mfupa usiotulia ni mfupa usio na nguzo ya kuushikilia.

Baada ya hapo alifanya hatua ya pili. Aliendelea kuuvuta mkono kwa mkono wake mmoja, huku vidole vya mkono wa pili vikiwa juu ya mahali alipopashuku. Kisha akaupeleka mkono wa mgonjwa mbele na nyuma. Kila alipofanya hivyo, vidole vyake vilihisi mfupa ukilegea na kusogea mahali ambapo hapapaswi kuwa na kiungo chochote. Shaka yote ikatoweka.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba Colles hakuwa amepata hata nafasi moja ya kupasua maiti yenye jeraha hilo ili kuthibitisha maoni yake. Kwa mtu aliyeishi kwa kupasua maiti, huo ulikuwa upungufu mkubwa, na aliukiri waziwazi katika maandishi yake. Pamoja na hayo, hakusita kutangaza kwamba mvunjiko huo ndio jeraha la kawaida zaidi la sehemu hiyo ya mkono. Kwa upande mwingine, mtenguko uliosifiwa vitabuni hakuwa ameuona hata mara moja katika miaka mitatu.

Tofauti kati ya majina hayo mawili haikuwa ya maneno matupu. Daktari aliyeamini kwamba kiungo kimetenguka alikivuta, akaona kimenyooka, akafunga bendeji na kumwaga mgonjwa. Mgonjwa aliondoka na mfupa ambao ulikuwa umekwisha kupinda tena kabla hajafika mlangoni. Colles aliandika kwamba wagonjwa wa namna hiyo walihukumiwa kuvumilia miezi mingi ya ugumu wa vidole na maumivu makali kila walipojaribu kukunja mkono. Kwa mkulima, fundi au dobi, miezi hiyo ilikuwa ya njaa.

Tiba aliyoipendekeza ilifuata mantiki ya jaribio lake. Kwa kuwa mfupa haukaki mahali pake wenyewe, ni sharti ushikiliwe. Aliagiza mkono uvutwe hadi unyooke, kitambaa kinene kiwekwe upande wa mbele, kisha kigasha kifungwe kwa magango mbele na nyuma hadi mfupa uunge. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Mfupa nao hunyooshwa kabla haujaunga.

Colles hakuwa wa kwanza kabisa kushuku jambo hili. Claude Pouteau, daktari wa mji wa Lyon nchini Ufaransa, alikuwa ameeleza majeraha ya namna hiyo katika maandishi yaliyochapishwa mnamo 1783, miaka kadhaa baada ya kifo chake. Ndiyo sababu Wafaransa huuita mvunjiko huo kwa majina ya wote wawili. Lakini maelezo ya Colles yalikuwa wazi zaidi, na yalimpa kila daktari njia ya kujihakikishia ukweli kwa mikono yake.

Uwazi ulikuwa sehemu ya tabia yake hata darasani. Katika enzi ambapo madaktari wengi walilinda sifa zao kwa wivu, Colles aliwasimulia wanafunzi wake visa alivyoshindwa navyo. Husemwa kwamba hakuona haya kukiri mbele yao kuwa mgonjwa fulani alikufa kwa sababu ya uamuzi wake. Wanafunzi walifurika katika mihadhara yake, kwa maana walijua hapo wangefundishwa mafanikio na makosa kwa pamoja.

Si kila alichokiona kilipata maelezo sahihi. Mnamo 1837, mwaka mmoja baada ya kuacha uprofesa, alichapisha kitabu kuhusu magonjwa ya zinaa na matumizi ya zebaki. Humo alieleza kwamba mtoto aliyezaliwa na kaswende anaweza kumwambukiza yaya anayemnyonyesha, lakini hamwambukizi mama yake mzazi hata kama mama huyo haonyeshi dalili zozote. Kauli hiyo iliitwa sheria ya Colles. Baada ya kipimo cha damu cha kaswende kubuniwa mnamo 1906, ilifahamika kwamba mama hao walikuwa tayari wameambukizwa, ila ugonjwa ulijificha. Alichokiona Colles kilikuwa kweli, japo sababu yake ilisubiri vifaa ambavyo havikuwapo maishani mwake.

Mnamo 1839 alipewa nafasi ya kutunukiwa cheo cha baroneti, heshima ambayo ingerithiwa na wanawe. Aliikataa. Afya yake ilikuwa imeanza kuzorota kutokana na jongo na maradhi ya kifua, na mnamo 1841 aliiaga hospitali ya Dr Steevens'.

Hata alipokikaribia kifo hakuacha kuwa mwalimu. Aliacha maagizo ya maandishi kwamba akifa mwili wake upasuliwe ili chanzo cha ugonjwa wake kijulikane kikamilifu, kwa faida ya watakaobaki. Aliaga dunia mwishoni mwa 1843 akiwa na umri wa miaka 70. Robert William Smith, daktari mwenzake wa Dublin, aliutekeleza wosia huo, na matokeo yake yakachapishwa mwaka uliofuata. Colles alizikwa katika makaburi ya Mount Jerome jijini humo.

Ni Smith huyo huyo aliyeliinua jina la marehemu. Mnamo 1847 alichapisha kitabu kuhusu mifupa inayovunjika karibu na viungo, akaueleza mvunjiko wa Colles kwa kina. Aliongeza pia mvunjiko wa aina nyingine, ambapo kipande cha mfupa husogea upande wa kiganja badala ya upande wa nyuma. Huo wa pili unaitwa kwa jina la Smith.

Wilhelm Röntgen alipogundua miale ya eksirei mnamo Novemba 1895, hatimaye macho yaliona kile ambacho vidole vya Colles vilihisi. Picha zilionyesha kwamba hakukosea kuhusu mvunjiko wenyewe. Zilionyesha pia kwamba mara nyingi nyufa za mfupa huingia hadi ndani ya kiungo, jambo ambalo asingeweza kulijua.

Hata hivyo, eksirei ilileta mtego mpya. Miale hiyo huonyesha mifupa lakini haionyeshi ligamenti, yaani kano ngumu zinazofunganisha mfupa na mfupa. Kifundo cha mkono kina mifupa minane midogo, na utulivu wake wote hutegemea kano hizo. Iliyo mashuhuri zaidi miongoni mwazo huunganisha mfupa wa skafoidi, ulio upande wa kidole gumba, na jirani yake wa lunati. Ikikatika, mifupa hiyo miwili huachana na kupinda kila mmoja kivyake. Kwa miaka mingi, mgonjwa ambaye picha yake haikuonyesha ufa wowote aliambiwa ameshtuka tu, akapewa dawa ya kutuliza maumivu na kurudishwa nyumbani.

Hivyo kosa lile la kale lilirudi kwa sura nyingine. Wakati wa Colles, mfupa uliovunjika uliitwa mtenguko. Baada ya eksirei, kano iliyokatika ikaitwa mshtuko mdogo. Étienne Destot wa Lyon alikuwa miongoni mwa wa kwanza kutumia picha hizo kuchunguza kwa makini majeraha ya kifundo. Mnamo 1972, Ronald Linscheid, James Dobyns na wenzao wa Mayo Clinic nchini Marekani walichapisha utafiti ulioeleza jinsi mifupa midogo inavyopoteza utulivu kano zinapoumia.

Mnamo 1996, William Geissler na wenzake walitoa matokeo ya kuchungulia ndani ya vifundo vya wagonjwa 60 waliovunjika mfupa aliouandikia Colles, nyufa zikiwa zimefika ndani ya kiungo. Walitumia athroskopu, mrija mwembamba wenye kamera. Wagonjwa 41 kati ya hao walikuwa pia na majeraha ya kano au gegedu, na 19 walikuwa wameumia kano ya skafoidi na lunati. Mfupa ulikuwa umetangulia kuonekana, na kano ikasahaulika nyuma yake.

Madhara ya kusahaulika huko si madogo. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kano ikigunduliwa mapema, daktari anaweza kuirudisha kwenye mfupa kwa nyuzi, kisha kuishikilia mifupa kwa pini nyembamba za chuma hadi ipone. Ikichelewa, hulazimu kutengenezwa mpya kwa ukano uliochukuliwa kwingine mkononi. Ikiachwa kabisa, gegedu husagika mwaka baada ya mwaka. Mwishowe hubaki tiba ya kuondoa baadhi ya mifupa au kuiunganisha, na mgonjwa hupoteza sehemu ya mwendo wa mkono wake.

Licha ya maendeleo haya yote, uchunguzi bado huanzia pale alipoanzia Colles. Jaribio linalotumiwa sana kutambua kano hiyo iliyokatika lilielezwa na Kirk Watson na wenzake wa Marekani mnamo 1988. Daktari hubonyeza mfupa wa skafoidi kwa kidole gumba upande wa kiganja, huku akiupeleka mkono wa mgonjwa kutoka upande wa kidole cha mwisho hadi upande wa kidole gumba. Mfupa ukiruka mahali pake na mgonjwa akaumia, kano hushukiwa, hata kama picha ya eksirei ni safi.

Hospitali ya Dr Steevens' ilifungwa mnamo 1987, na jengo lake likageuzwa kuwa ofisi za huduma ya afya. Wodi ambamo Colles aliwashika wagonjwa mikono hazipo tena. Lakini kila siku, mahali fulani, mtu huanguka na kutua juu ya kiganja, kisha hufika mbele ya daktari akiwa ameshikilia kifundo kilichovimba. Hatima ya mkono huo ingali inategemea kama daktari ataridhika na jina la haraka, au atauchukua mkono huo, auvute taratibu na kusikiliza kwa vidole vyake.